Kwaheri Iliyokatwa

Watu wote walikuwa wameshamaliza kucheka, lakini mmoja alikuwa bado anacheka.

Bi Sabah aliisikia sauti hiyo akiwa chumbani kwake, mtaa wa Hail, Maskati, juu ya msala, tasbihi mkononi. Ilikuwa Alkhamisi, magharibi imeshasaliwa, na ilikuwa wiki ya tatu tangu kumzika mumewe, Amur. Alikuwa amekaa eda. Televisheni ya sebuleni aliifunika kanga siku ile ile ya msiba, na leo binti yake, Rawya, aliifunua, kwa kuwa kipindi chao kilitangaza kwamba kitamkumbuka baba yake.

Kipindi chenyewe kikiitwa Kwetu Shamba. Kwa miaka ishirini na mitatu, kila Alkhamisi, jamaa waliotoka Unguja na Pemba wakakaa Maskati waliweka kahawa na tende mbele yao, wakakitazama. Kulikuwa na fidla, sanduku la nyuzi na ngoma mbili ndogo, na nyimbo za wachuma karafuu. Kulikuwa na banda la makuti ya plastiki na mbuzi wa kweli. Na kulikuwa na Mzee Pakacha, aliyetoka bandani amefunga msuli juu ya magoti, akakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi na kuanza kugombana na mbuzi wa miguu minne. Watoto waliozaliwa Sib na Hail, wasioujua mkarafuu kwa macho, waliijua Pemba kwa Mzee Pakacha.

Mzee Pakacha alikuwa ni Amur. Bi Sabah ndiye aliyemshonea nguo. Rawya aliimba. Asaad alipiga ngoma. Na Muatasim ndiye aliyekuwa mwenye kipindi: alishika kamera, akakata picha, akaamua nini kionekane na nini kisionekane.

Watazamaji ukumbini hawakuwako. Kicheko kilitoka kwenye mkanda. Mwaka wa kwanza Muatasim aliwaalika watu Sib, akawachekesha jioni nzima, akavirikodi vicheko vyao, na tangu hapo ni hivyo hivyo vilivyotiwa kila wiki. Bi Sabah alivijua kama anavyozijua sufuria zake. Alimjua marehemu Bi Noof aliyecheka huku anakohoa, na bwana mmoja aliyekoroma mwisho wa kila kicheko. Akishakoroma yule bwana, basi, kumekwisha.

Jioni hiyo bwana alikoroma. Na baada yake, mtu mwengine akaendelea. Kilikuwa kicheko chembamba, cha polepole, kama cha mtu aliyefundishwa kucheka na bado anajifunza.

Bi Sabah akainuka. Alipofika mlango wa sebule alimwona mumewe kwenye kioo cha televisheni, amelala chini kifudifudi, mguu mmoja unatikisika.

"Zima," akasema.

"Mama, rudi ndani."

"Zima, Rawya! Nlimwomba. Nlimwomba Muatasim kwa Mungu wake asiioneshe hiyo!"

Rawya akazima. Kioo kikawa cheusi. Lakini kile kicheko chembamba kikaendelea kidogo, nyuma ya ukuta, kisha kikanyamaza kama mtu aliyegundua kwamba anasikilizwa.

*

Ili mambo haya yafahamike, lazima kusemwe habari ya wimbo.

Bibi yake Bi Sabah alikuwa mganga Pemba, upande wa Micheweni. Bi Sabah mwenyewe alikuwa mtu wa sala na Qurani, na hakupenda kuyazungumza mambo hayo, lakini alipokuwa bibi harusi, akifua nguo uani, aliimba bila ya kufikiri wimbo aliousikia utotoni. Amur akausikia, akaupenda.

*Hodi hodi wa pangoni, ngoma yako i ngazini,*
*Panda panda kichwa hiki, ukae kama nyumbani.*

Kipindi kilipoanza, Amur akaufanyia mchezo. Kila mwisho wa kipindi Asaad alipiga ngoma, Rawya, na kabla yake mwimbaji mwengine, akaimba, na Mzee Pakacha akapandwa na pepo. Akatetemeka, akageuza macho, akadai mambo: leo anataka pizza, wiki ijayo anataka leseni ya gari. Watu walikufa kwa kucheka.

Lakini wimbo ule una nusu ya pili. Bibi alimwambia Sabah tangu ana miaka saba: anayemwita mgeni lazima amuage. Ukimpandisha umteremshe. Kwaheri ni kama kufunga mlango. Ukibakisha kidole kimoja nje, mlango haukufungwa. Sabah alimwambia Amur, na mwaka wa kwanza Amur aliimba nusu zote mbili. Mwaka wa pili Muatasim akasema, "Hii kwaheri inawapoza watu. Kata hapo hapo kwenye kicheko, tutie tangazo."

Bi Sabah akamlalamikia mumewe. Amur akamtania.

"Mchezo tu huu, bibi wee. Kwani jini ana televisheni?"

Bi Sabah naye akacheka. Lakini kila wanaporikodi, yeye akiwa nyuma ya pazia na sindano yake, aliinong'ona ile kwaheri peke yake mpaka mwisho, bila ya mtu kumsikia. Akafanya hivyo miaka mingi. Aliporudi hija aliona haya mdomo uliotamka talbia kutamka maneno ya pepo. Akaacha. Na baada ya kuacha kwake kipindi kiliendelea miaka minane.

Siku aliyokufa, Amur alitetemeka kuliko siku zote. Alianguka juu ya mkeka, akasema kwa sauti isiyokuwa ya Mzee Pakacha, "Niteremsheni." Asaad akacheka, akazidisha ngoma. Muatasim akacheka, akaisogeza kamera karibu. Rawya, aliyekuwa mbele ya baba yake kabisa, alicheka mpaka akashindwa kuimba. Ni yule mbuzi tu aliyekata kamba na kukimbia. Walipomgeuza Amur, alikuwa ameshakwenda. Daktari alisema ni moyo.

Muatasim alipokuja kuhani, Bi Sabah alimtumia maneno kwa Rawya: picha ile asiioneshe. Muatasim akajibu, "Inshallah." Kisha akaionesha yote, na kicheko juu yake.

Baada ya isha, usiku huo, Bi Sabah aliinua mikono. Alikuwa na dua moja tu. Hakumwombea maghfira mumewe wala subira nafsi yake. Alisema, "Waliomcheka mume wangu anakufa, wacheke mpaka wajute."

Dua kama ile mtu huipeleka kwa Mola wake kisha akangoja. Bi Sabah hakungojeshwa. Kabla hajaishusha mikono, chumba kile kilichofungwa madirisha, chenye kiyoyozi, katika mji ambao mvua ilikuwa haijanyesha tangu mwaka jana, kilijaa harufu ya makuti yaliyorowa, makuti ya kweli, yaliyooza, na udongo wa shamba, na karafuu mbichi. Na karibu na sikio lake la kushoto, karibu mno hata nywele chini ya mtandio zikasimama, kitu kikavuta pumzi, kama mtu anayetaka kusema "ndiyo".

*

Wa kwanza alikuwa Asaad.

Habari aliileta Bi Jawaher, jirani, mwanamke mnene mwenye moyo mzuri na ulimi mrefu, aliyekuja kila siku ya pili na chupa ya kahawa ili mwenye eda asikae peke yake.

"Umesikia ya Asaad? Mpiga ngoma wenu?"

"Sijasikia. Miye nasikia wapi, na nimekaa ndani?"

"Anacheka, bibiye. Siku ya tatu leo. Alianza kwenye maziko ya mjomba wake! Watu wanatia udongo, yeye hahahaha. Mwanamme mzima, ndevu hizo! Walimpiga makofi, wapi. Sasa yuko hospitali, sauti imekauka, lakini kifua bado kinacheka. Mke wake anasema machozi yanamtoka, na macho yanaomba. Mdomo ndio hautaki."

"A'udhubillahi," akasema Bi Sabah.

"Sema tena, maana miye mwili umenisisimka."

Bi Sabah akasema tena. Lakini ndani ya kifua chake kulikuwa na kitu kitamu, kama tende aliyoificha chini ya ulimi. Jawaher alipoondoka alistaghfiri mara mia, akihesabu kwa tasbihi. Utamu haukuondoka.

Wa pili akaja mwenyewe mlangoni. Ilikuwa baada ya alasiri. Muatasim alikuwa si maharimu wake, basi Bi Sabah alikaa nyuma ya mlango, mlango umerudishwa, wakazungumza hivyo.

"Masalkheri, Bi Sabah."

"Masalkheri, Muatasim. Sema."

"Nimekuja kuomba radhi. Nlikosa. Nlidhani watu watataka kumuaga, na..." Akanyamaza. Bi Sabah alisikia anaziba mdomo kwa mkono. Kupitia vidole, kicheko kikatoka kidogo kidogo, kama maji ya kopo lililotoboka. "Samahani. Wallahi sicheki. Juzi nimesalisha nyumbani, nikasoma Fatiha, nikafika *maliki yaumi ddin*, nikacheka. Mbele ya watoto wangu. Mama yangu kanitazama kama najisi. Bi Sabah, Amur alikuwa akisema wewe ndiwe unayeujua ule wimbo wote."

"Naujua."

"Basi nisaidie. Nihurumie."

Bi Sabah aliutazama mlango. Rangi yake ilikuwa imebanduka mahali pamoja, na Amur alikuwa kila wiki anasema ataipaka.

"Miye nlikuomba kitu kimoja," akasema polepole. "Ukanijibu inshallah. Na miye nakujibu hivyo hivyo. Inshallah, Muatasim."

Nyuma ya mlango alicheka, akalia, akacheka, mpaka gari yake ikaondoka. Na Bi Sabah akabaki pale pale, mgongo umeegemea ukuta, anatabasamu, mpaka akasikia harufu ya makuti yaliyorowa na akatambua kwamba hakuwa peke yake katika tabasamu lile.

*

Baada ya siku nne, Bi Sabah na Rawya walikuwa wanasali magharibi pamoja, bega kwa bega, kama walivyozoea. Walipokwenda kusujudu, Bi Sabah alisikia mabega ya binti yake yanatikisika. Akadhani analia. Akasema moyoni, maskini mwanangu, anamkumbuka baba yake. Akairefusha sijida ili mtoto alie mpaka moyo utulie.

Kisha akasikia vizuri. Paji la uso la Rawya lilikuwa juu ya msala, na mdomo wake uliokuwa karibu na zulia ulikuwa unacheka, kicheko chembamba, cha polepole, na baina ya kicheko na kicheko sauti ya Rawya mwenyewe, ndogo, ya mtu aliye mbali chini ya kisima, ilikuwa inasema, "Mama. Mama. Si miye, mama."

Utamu wote uliokuwa kifuani mwa Bi Sabah ukageuka shubiri. *Waliomcheka mume wangu.* Alikuwa amemsahau mmoja wao. Alikuwa amemwombea mabaya mwanawe wa pekee, kwa mikono yake mwenyewe, juu ya msala huu huu.

Kwa siku tatu Rawya hakula. Kijiko kilipofika mdomoni, kicheko kilikitupa. Maji yalimpalia. Uso wake ukawa kama wa mgonjwa wa mwaka mzima, na Jawaher, aliyekuwa na maneno kwa kila jambo, alimtazama mara moja tu akatoka nje kulia.

Maalim Yaqoob akaitwa. Alikuwa mzee wa mwendo wa taratibu, aliyewasomea watu Hail na Sib tangu ujana wake, asiyechukua chochote ila kikombe cha kahawa. Alikaa mbele ya Rawya, akasoma Ayatul Kursiy, akasoma Falaq na Nas. Rawya akatulia. Kisha akafungua mdomo, na iliyotoka ilikuwa sauti nzito ya Pemba ya zamani, na pamoja nayo ikatoka ile harufu, nzito hata Jawaher, aliyekuwa jikoni, akauliza nani kaleta makuti.

"Unanifukuzia nini, maalim? Miye si mwizi. Miye nliitwa."

"Nani kakwita?"

"Wao. Kila Alkhamisi hodi, hodi. Kila wiki nikapanda ngazi moja. Nikifika nusu, wananiacha hapo hapo. Hawanilishi, hawaniagi. Wananipa kicheko. Basi nikala kicheko, hicho ndicho chakula nlichopewa. Kulikuwa na mtu mmoja nyuma ya pazia aliyekuwa akinishusha kimyakimya. Akaacha. Nikapanda miaka minane bila ya kushuka, mpaka nikafika kichwani kwa yule mzee. Nikasema, niteremsheni. Wakacheka. Mzee akanifia nami nimo ndani. Unajua, maalim, inavyokuwa kukaa ndani ya mtu anayekufa, na walio nje wanacheka?"

Maalim Yaqoob akamgeukia Bi Sabah.

"Ninaweza kusoma, na atamwacha kwa siku mbili. Lakini huyu ameshikwa na neno lisilokwisha. Unalijua wewe?"

"Nalijua, maalim. Nnaogopa dhambi yake."

"Hakuna chano cha vyakula vya pepo, hakuna damu, hakuna kumwomba yeye kitu. Anza kwa jina la Mwenyezi Mungu, mwambie aende zake. Kumuaga mgeni si kumuabudu. Na wote waliocheka siku ile wawepo, pale pale mahali penyewe."

*

Mwenye eda halali nje ya nyumba yake, lakini mchana, kwa dharura, anaruhusiwa kutoka. Walikwenda Sib baada ya adhuhuri, jua la Maskati likiwaka juu ya lami. Ndani ya ukumbi wa kurikodia hamkuwa na dirisha, na mlango ulipofungwa haikujulikana tena kama nje kuna jua.

Asaad aliletwa na nduguye, amefungwa shuka kifuani ili mbavu zisivunjike. Muatasim alikuwa ameshafika, amekaa chini, mgongo juu ya nguzo ya kamera. Rawya aliegemezwa kwenye banda la makuti ya plastiki. Wote watatu walikuwa wanacheka, kila mmoja kwa sauti ile ile moja. Maalim Yaqoob akasimama mlangoni, akaanza kusoma kwa sauti ya chini.

Bi Sabah alikwenda mpaka penye ile mbuzi ya kukunia nazi. Bado ilikuwa pale pale, juu ya mkeka. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa nyuma ya pazia. Hakuwahi kusimama mbele.

"Bismillahi Rahmani Rahim," akasema. "Wa pangoni. Ni miye niliyekuwa nikikushusha. Na kabla sijakuaga nitasema kweli, maana hapa watu wanadhani waliocheka ni watatu. Siku ile nlichungulia kwenye pazia, nikamwona Amur anatikisika chini, na sindano ikanianguka kwa kucheka. Na miye nlicheka. Nlicheka kuliko wote."

Rawya akageuza macho yake. Kwa mara ya kwanza katika siku nyingi, kicheko kikasimama, katika vifua vyote vitatu kwa pamoja, na ukumbi ukawa kimya. Na katika kimya kile, juu, katika giza la paa ambamo hamkuwa na kitu ila taa zilizozimwa na nyaya, makuti yakaanza kuchakarika, si ya plastiki yaliyokuwa bandani, bali makuti makavu mengi, ya paa zima la nyumba ya shamba, kana kwamba kitu kikubwa kilichokuwa kimelala juu ya paa hilo miaka yote kimejigeuza ubavu ili kisikilize.

Bi Sabah akaimba. Sauti yake ilikuwa ya kizee, haina ngoma, inatetemeka.

*Kwaheri we wa pangoni, umekuja umeitwa,*
*Rudi kwenu kwa salama, njia nyeupe si mwiba.*

Kisha yakaja majina. Hivyo ndivyo kwaheri ilivyo: kila aliyeshikwa lazima atajwe, yeye na mama aliyemzaa, mmoja baada ya mmoja, mpaka wa mwisho.

"Mwache Rawya, mwana wa Sabah."

Rawya akashusha pumzi ndefu, kichwa kikamwangukia bega.

"Mwache Asaad, mwana wa Ruqaya."

Asaad akalala ubavu, akaanza kukoroma kama mtoto.

"Mwache Sabah, mwana wa Mazoon."

Kitu kilitoka mgongoni mwake, kitu alichokuwa amekibeba bila ya kukijua tangu usiku wa ile dua. Alibakiwa na jina moja.

Muatasim alikuwa amemkazia macho. Mdomo wake ulikuwa umeanza tena kutikisika, lakini macho yalikuwa yanalia. Mama yake aliitwa Sayyida. Bi Sabah alimjua vyema. Alikula kwake sikukuu ngapi. Jina lilikuwa hapo hapo, juu ya ulimi, jepesi. Kulitamka ilitosha.

Akamwona Amur chini juu ya mkeka, na kamera inasogezwa karibu. Akaisikia ile *inshallah*. Akakumbuka nani aliyesema kata hapo, kata kwenye kicheko, na kwamba kwa kukata huko Amur alikufa anaomba ateremshwe.

Bi Sabah akafunga mdomo.

Makuti yalichakarika mara moja. Harufu ikapungua. Maalim Yaqoob, ambaye wimbo hakuujua wala hakutaka kuujua, aliwaona wawili wametulia, akasema, "Alhamdulillah, kumekwisha," akatoka kuita watu wawabebe.

"Na miye?" akasema Muatasim. Akamshika pindo la nguo. "Bi Sabah, na miye? Hukunitaja. Jina langu hukulitaja!"

Bi Sabah aliinama ili asikiwe na yeye peke yake.

"Wewe ndiwe usiyetaka kwaheri iimbwe mpaka mwisho," akamwambia. "Nimeikata pale pale ulipokuwa unapapenda."

Akalitoa pindo lake mkononi mwake, taratibu, akaenda kumwinua binti yake. Nyuma yao Muatasim akaanza kucheka.

*

Rawya alikula siku hiyo hiyo. Baada ya wiki alirudi kuwa na mashavu. Asaad aliwagawia watu ngoma zake, akaacha. Kipindi kikafa. Jawaher aliendelea kuleta kahawa na habari: Muatasim amepelekwa Sidab kwa dada yake, chumba cha nyuma, madirisha yamegongomewa mbao kwa sababu ya majirani, halali, hali ila kwa mrija, na mama yake Sayyida anakaa nje ya mlango na msahafu, anasoma, na mwanawe ndani anaicheka kila aya.

"Maskini Sayyida," akasema Jawaher. "Amekosa nini mama wa watu?"

Bi Sabah aliitafuta ile tende tamu chini ya ulimi na hakuiona. Usiku alifikiri: nitakwenda kesho nilitaje. Kulipokucha alifikiri: ngoja kwanza eda ishe.

Eda ikaisha, miezi minne na siku kumi, nayo ikaangukia Alkhamisi. Wanawake walikuja, wakamkogesha, wakambadilisha nguo, wakamfukiza udi. Wakala, wakaomba dua, wakatawanyika. Jua likazama. Televisheni ilikuwa imefunikwa kanga.

Rawya akatandika misala miwili, bega kwa bega. "Twende, mama, magharibi isitupite."

Walisali. Rakaa ya kwanza Bi Sabah alisoma kwa moyo mkunjufu, akaona amani ambayo hakuwa nayo tangu msiba. Akarukuu. Akasujudu. Paji la uso lilipogusa msala akasikia harufu, na akajiambia ni udi, ni udi wa wanawake, ingawa udi hauwi na ubichi wa karafuu ndani yake, wala udongo, wala makuti yaliyorowa. Na akamkumbuka bibi yake Micheweni, na mlango, na kidole kimoja kilichobakishwa nje, naye akafungua mdomo upesi, hapo hapo chini, alitamke lile jina, mwana wa Sayyida, mwana wa Sayyida, lakini kutoka tumboni kitu chembamba, cha vuguvugu, kilikuwa kimeshaanza kupanda, polepole, ngazi kwa ngazi, na kikalikuta jina kooni, kikalipita.

Alilikamata zulia kwa meno. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Rawya akairefusha sijida ili mama yake apate kulia mpaka moyo utulie. Alipoona inazidi, alitoa salamu, akamwekea mkono mgongoni.

"Lia, mama," akasema. "Leo umetoka eda. Lia tu."

Bi Sabah hakuinua kichwa. Hakuwa analia.